Nyongeza Ipi ya Probu Inastahili Kuvushwa Ndau?

Mjamzito wa Ndau akiambiwa kliniki aende akapigwe picha, ameambiwa avuke bahari. Ndau ni kisiwa cha Wabajuni, watu wa samaki na kamba, kilicho kati ya Pate na Kiwayu huko Lamu Mashariki. Kliniki ya wajawazito ipo pale pale kisiwani. Huduma kubwa kidogo hutafutwa Faza, kisiwani Pate, na mara nyingi upasuaji na wataalamu wa picha hutafutwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Boti hupita ndani, nyuma ya Pate, mpaka mlango wa Mkanda kati ya Manda na bara, ambao kwa miaka mingi ulipitika kwa kungoja maji yajae. Kusi ikishika, kuanzia Mei hadi Agosti hivi, nahodha ndiye anayeamua kama kuna safari au hakuna. Na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku iliyodumu miezi, ikawa mama aliyeshikwa na uchungu usiku anapambana na bahari na amri ya serikali kwa pamoja.

Nauli, petroli, mahali pa kulala mjini, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto: hayo yote hutangulia picha ya dakika kumi. Kwa hiyo habari ya mashine za altrasaundi zinazoingia mfukoni, na sasa vifaa vidogo vyenye akili vinavyopachikwa juu yake, inawahusu watu wa Ndau kuliko inavyowahusu watu wa Nairobi, ambao wanaweza kutoka nyumbani asubuhi na kurudi na picha kabla ya chakula cha mchana. Vifaa vya kuuzwa ni vingi na kila siku vinaongezeka. La kuuliza ni kipi kati yake kinabadilisha uamuzi wa mtu aliyeko Ndau, na kipi kinapendezesha tu picha.

Nitasema mapema ninakosimamia. Faida kubwa ya altrasaundi kwa kisiwa kama hiki ni tarehe. Mkunga akijua mimba ina wiki ngapi, kondo la nyuma limekaa wapi, watoto ni wangapi na wamelalaje, safari ya dharura ya usiku inaweza kugeuzwa kuwa safari ya mchana iliyopangwa, yenye maji na upepo uliochaguliwa. Nyongeza ya probu inayosaidia hilo inastahili nauli. Isiyosaidia hilo ibaki hospitalini, hata ingekuwa ya ajabu namna gani.

Probu ni kile kipande kinachoshikwa mkononi na kupitishwa juu ya ngozi. Ndani yake mna vipande vidogo vinavyotetemeka vikipewa umeme, vikatoa sauti ya juu mno isiyosikika na sikio, kisha vikaisikiliza inaporudi. Kwa tumbo la mjamzito hutumika mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Sauti husafiri mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, ikajua kila kitu kiko kina gani. Hewa ndiyo adui: sauti ikikutana na hewa karibu yote hurudi papo hapo, na ndiyo sababu ya ile jeli ya baridi. Kinachoonekana kwenye kioo ni ubapa mmoja mwembamba wa mwili, kama mtu anayemulika ghala la giza kupitia ufa wa mlango. Mkono ukiinama kidogo, ubapa ni mwingine. Mtaalamu huyaunganisha mabapa hayo kichwani mwake mpaka akapata mtoto mzima, na huko kuunganisha ndiko kunakochukua miaka kujifunza.

Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao za kwanza za tumbo kwenye jarida la Lancet mwaka 1958, mashine yao ilikuwa ya kujaza pembe ya chumba. Mwaka 2015 Philips walitoa Lumify, probu inayochomekwa kwenye tableti au simu. Mwaka 2017 Butterfly iQ ikapata kibali Marekani. Hii iliacha vipande vya fuwele vya zamani ikaweka chipu moja yenye vitetemeshi vidogo vipatavyo 9,000, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya dola 2,000. Mashine za kawaida za hospitali hugharimu mara nyingi ya hiyo. Mwaka 2022 kampuni hiyo, kwa fedha za Gates Foundation, ilianza kugawa probu 1,000 kwa wahudumu wa uzazi Afrika, na 500 za kwanza zilikuja Kenya, mafunzo yakifanyika kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wakunga, si madaktari wa picha, ndio waliokabidhiwa.

Lakini probu ilipopungua ukubwa, kuna vitu viliachwa nyuma. Mashine kubwa ilikuwa na umeme wa ukutani, feni ya kuipoza, na mtu aliyesomea kazi hiyo akiwa ameketi mbele yake. Probu ya mfukoni ina betri, joto, na mara nyingi mkono wa mtu aliyefundishwa wiki mbili. Nyongeza nyingi zinazobuniwa leo ni majaribio ya kurudisha kimoja kati ya vitu hivyo, na ukizitazama hivyo ni rahisi kuzipima.

Kuna zinazoifanya probu ijue iko wapi. Joshua Broder, daktari wa dharura wa Chuo Kikuu cha Duke, alimtazama mwanawe akicheza Nintendo Wii, akajiuliza kwa nini kifaa cha mchezo kinajua mkono umeelekea wapi na probu ya hospitali haijui. Yeye na wenzake wa Duke na Stanford wakabandika kwenye probu ya kawaida kihisi cha mwendo ambacho chipu yake iligharimu kama dola 10, pamoja na kishikizo kilichochapwa kwa plastiki. Mwaka 2017 walionyesha kwamba mashine ya kawaida ya picha bapa inaweza hivyo kutoa picha yenye kina na pande zote, kama zile za mashine ghali. Wazo ni zuri, kwa sababu linaipa mashine ya zamani uwezo mpya bila kununua nyingine. Kwa Ndau, hata hivyo, thamani yake haimo katika sura ya mtoto inayoweza kuzungushwa kwenye kioo. Imo katika kwamba picha zilizochukuliwa na mkunga kisiwani zinaweza kufunguliwa baadaye na daktari aliyeko Lamu au Mombasa, akazipitia kwa pembe anayoitaka mwenyewe, bila mama kuwapo.

Kuna nyingine zinazoangalia nguvu ya mkono. Katika chuo cha MIT, Brian Anthony na Matthew Gilbertson walitengeneza kishikizo chenye mota kinachoikumbatia probu na kuhakikisha inabana ngozi kwa nguvu ile ile wakati wote. Asiyezoea kazi hii huenda asione umuhimu wake. Watu wawili wakipima tumbo moja, mmoja akabana na mwingine akagusa tu, vipimo vinatofautiana, na anayejifunza karibu kila mara hubana kupita kiasi kwa sababu anatafuta picha. Kishikizo kizima chenye mota ni kizito na kina vitu vingi vya kuharibika, nisingekipeleka kisiwani. Lakini kihisi cha nguvu peke yake, chenye taa ndogo ya kumwambia mkunga kwamba amebana mno, ni mwalimu anayebaki naye baada ya walimu kurudi bara.

Halafu kuna za kuongoza sindano. Clear Guide Medical ya Baltimore ilitengeneza kichwa chenye kamera kinachovikwa kwenye probu, kikaona sindano nje ya mwili na kuonyesha kwenye kioo itakakofikia ndani. Ni kazi ya maana kwa anayechukua nyama ya uvimbe au kuingiza mrija kwenye mshipa mkubwa. Hayo hayafanywi Ndau, wala hayapaswi kufanywa Ndau. Nyongeza hii ni ya King Fahd.

Inayobaki ndiyo ninayoitilia mkazo: nyongeza ya kusoma picha kwa niaba ya asiyejua kuzisoma. Wakati mwingine haina umbo la kushikika, ni programu iliyofungwa pamoja na probu, lakini kazi yake ni ile ile ya kurefusha uwezo wa kifaa na wa mkono unaokishika. Jeffrey Stringer wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake wa Lusaka, Zambia, walikusanya maelfu ya picha za wajawazito, kisha wakaifundisha akili unde kukadiria umri wa mimba kutokana na mipito ya probu isiyohitaji mtu kutafuta kichwa wala paja la mtoto. Anayeshika probu huipitisha kutoka chini ya tumbo kwenda juu, kisha kutoka ubavu hadi ubavu, mara kadhaa kwa mstari ulionyooka, bila hata kutazama kioo. Katika utafiti wao uliochapishwa kwenye jarida la JAMA mwaka 2024, uliohusisha wajawazito 400 wa Zambia na North Carolina, watu wasio na mafunzo ya picha wakitumia probu ya bei nafuu yenye programu hiyo walikosea kwa wastani wa siku 3.2, na wataalamu wenye mashine kubwa siku 3.0. Google nao wamekuwa wakifanya kazi ya namna hiyo hapa Kenya pamoja na Jacaranda Health, shirika linalojulikana kwa huduma yake ya ujumbe wa simu kwa wajawazito.

Siku 3.2 kwa 3.0. Kwa mtu wa Ndau maana yake ni kwamba tarehe ya kujifungua haihitaji tena kuvuka Mkanda kuitafuta. Ila ina masharti mawili. La kwanza ni wakati. Umri wa mimba hupimika vizuri mapema tu. Katika miezi mitatu ya kwanza picha hukosea kwa wiki moja au chini yake. Kuanzia wiki ya 28 inaweza kukosea kwa wiki tatu, kwa sababu kufikia hapo watoto wamekwisha kutofautiana ukubwa, mmoja mnene kwa urithi, mwingine mdogo kwa njaa au kwa maradhi, na mashine haijui ni yupi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza picha moja kabla ya wiki ya 24. Mama anayekuja kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi saba hatapewa tarehe ya kuaminika na kifaa chochote. La pili ni kwamba utafiti ule ulihusu mimba za mtoto mmoja. Nyongeza inayotoa tarehe bila kusema kwamba kuna mapacha ni ya hatari kisiwani, kwa kuwa mapacha ndiyo sababu mojawapo kubwa ya kumtoa mama kisiwani mapema.

Suala la kondo nalo linataka umakini. Kondo lililoziba njia ni la kuua: uchungu ukianza, damu humwagika, na mama aliyeko Ndau usiku wa kusi ana saa chache. Kulijua mapema ni uhai wake. Lakini kwenye wiki ya 20 kondo nyingi huonekana ziko chini, na mfuko wa uzazi unavyokua sehemu kubwa yake hupanda zenyewe. Kawaida ni kurudia picha kwenye wiki ya 32 hivi kabla ya kutoa hukumu. Programu ikiwaka taa nyekundu kwenye wiki ya 20 bila kueleza hayo, familia itauza injini ya boti kwenda kukaa Lamu miezi mitano bila sababu, na mwakani majirani hawatakuja kupimwa. Nyongeza nzuri ingesema, kwa Kiswahili cha kawaida, "rudia wiki ya 32", na ingemkumbusha mkunga siku yenyewe ikifika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kila zahanati iwe na probu yake. Picha mbili ndizo zenye uzito zaidi kwa mama wa kisiwani: moja kabla ya wiki ya 24 na nyingine karibu na 32. Zote mbili zina nafasi ya wiki kadhaa. Hazihitaji mashine iliyolala Ndau siku zote, zinahitaji mashine inayofika bila kukosa kila mwezi. Lamu tayari ina mfano wa safari hizo. Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar mwaka 2015, hupeleka matabibu na manesi kwa njia ya bahari kwenye vijiji vya mbali vya kaunti hii, na mwaka 2016 Umra alikuwa miongoni mwa mashujaa kumi wa CNN kwa kazi hiyo. Probu moja yenye nyongeza yake, ikizunguka na boti la kliniki kutoka Kizingitini hadi Ndau, Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, ingewafikia wajawazito wengi kuliko probu tano zilizofungiwa kabatini, na ingekuwa mikononi mwa mtu mmoja anayeitumia kila siku. Mkono huo ndio unaopevuka. Mkunga anayepima wajawazito watatu kwa mwezi hujifunza polepole na kusahau haraka.

Nakubali kwamba kuna jambo moja ambalo boti la mwezi haliwezi. Mama anayetokwa damu leo, au aliyeshikwa na uchungu na haijulikani mtoto ametanguliza nini, hawezi kungoja mzunguko. Kwa huyo, probu iliyopo kisiwani ingemsaidia mkunga kuamua kama boti liondoke sasa hivi. Lakini hata hapo, mikono iliyozoea kupapasa tumbo hutambua mengi, na damu nyingi ni sababu ya kuondoka iwe picha ipo au haipo. Probu isimcheleweshe mtu anayejulikana wazi kwamba anapaswa kuwa baharini.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayetaka kununua mashine hizi angepaswa kuusoma kwanza. Unaitwa First Look, ulichapishwa mwaka 2018, na ulifanywa Kongo, Guatemala, Kenya, Pakistan na Zambia. Katika maeneo yaliyochaguliwa kwa kura, wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kupiga picha na wakapewa mashine. Katika maeneo mengine mambo yakabaki kama kawaida. Tumaini lilikuwa kwamba picha zingewavuta wanawake kliniki, zingefichua hatari mapema, na vifo vingepungua. Wahudumu walijifunza, na picha zao zilikuwa sawa. Lakini mahudhurio ya kliniki hayakupanda, wala vifo vya akina mama na vichanga havikupungua.

Nimeona watu wakiutumia utafiti huo kusema altrasaundi vijijini ni kupoteza fedha. Mimi siusomi hivyo. Unaonyesha kwamba picha imeshikwa katikati ya mnyororo, na pete za mbele yake zikikatika, ubora wa picha hauokoi mtu. Mama akiambiwa kondo limeziba njia na hana nauli ya kwenda hospitali, au akifika akute hakuna damu ya kuongezewa, amepewa habari mbaya tu. Kwa kisiwa, pete inayofuata picha ni boti. Ndiyo maana nyongeza yoyote ninaipima kwa swali la safari: je, inamfanya mama huyu aondoke mapema, mchana, akiwa na nguvu zake?

Kenya imekwisha kuona vifaa vikitangulia watu. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodisha mashine za hospitali, hospitali mbili katika kila kaunti, na kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kuhusu mashine zilizokaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wataalamu. Zile zilikuwa mashine kubwa. Ndogo zina hatari nyingine: zinaweza kupotelea kwenye droo bila Seneti kuuliza.

Tena kuna mambo ya pwani yetu ambayo mbunifu wa Boston au Eindhoven hayaoni. Probu ndogo hupata joto zikifanya kazi, na kwa kawaida kanuni za kimataifa haziruhusu uso unaogusa ngozi kupita nyuzi 43. Kwa hiyo zinajipunguza au kujizima zenyewe. Katika chumba cha bati cha mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imelegea, umbali kati ya joto la chumba na mpaka huo ni mdogo, na mkunga atakuwa akipima mama mmoja na kuipumzisha mashine kabla ya wa pili. Kila nyongeza inayovikwa juu ya probu huizuia kupoa zaidi. Halafu chumvi. Boti la wazi hulowesha kila kilichomo, na viunganisho vya chuma vyenye pini ndogo huliwa na kutu kabla ya kitu kingine chochote. Nyongeza inayounganishwa kwa waya wa pini ni mgonjwa mtarajiwa. Inayobanwa kwa nje na kuwasiliana bila waya, na ambayo haina tundu la kuingiza maji, ina nafasi ya kuishi. Kabla ya kununua, mtu wa kaunti angeiweka kwenye boti la uvuvi wiki kadhaa, kisha aone.

Umeme ni tatizo linalopungua. Lamu ni miongoni mwa kaunti 14 za mpango wa KOSAP wa kupeleka umeme wa jua mahali gridi isikofika, na probu inayochajiwa kama simu haidai mengi. Jeli nayo inapata dawa: watafiti wamejaribu wanga wa mahindi na unga wa muhogo uliopikwa mpaka ukawa mzito, na picha zimekubalika. Nyumba ya Kibajuni haishindwi kupika uji. Kinachotakiwa ni usafi wake na kuupika upya kila siku, kwa kuwa uji uliolala huzaa vijidudu.

Mtandao ndio unaogawa nyongeza zinazofaa na zisizofaa kwa ukali zaidi. Mwaka 2017 wataalamu wa Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, wakiongozwa na Sudhir Vinayak, walichapisha matokeo ya kuwafundisha wakunga watatu wa vituo vya nje kupiga picha kwa tableti na kuzituma kwa simu kwa madaktari wa picha. Majibu ya wakunga na ya madaktari yalikubaliana karibu kila mara. Njia hiyo ni nzuri pale ambapo simu inashika na daktari yuko zamu. Kifaa cha Ndau kinapaswa kutoa jibu lake chenyewe, simu ikiwa haina hata kijiti kimoja cha mtandao, kisha kitume picha baadaye kikifika penye mawimbi. Kampuni inayofunga programu yake mpaka simu iingie mtandaoni, au inayodai ada ya kila mwaka na kuzima kazi muhimu ada isipolipwa, inauza kitu ambacho kisiwa hakiwezi kukitegemea. Swali hilo la ada liulizwe kabla ya zawadi kupokelewa, kwa sababu mfadhili huondoka na ankara hubaki kwa kaunti.

Picha zenyewe ni mali ya mama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezikusanya aeleze anazitumia kufanyia nini, na picha za tumbo zinazofundisha akili unde ya kampuni ya ng'ambo zina thamani ya fedha. Mkunga aeleze hilo kwa maneno yanayoeleweka, na mama awe na haki ya kupimwa hata akikataa picha zake zitumwe. Katika kijiji ambako kila mtu ni mjomba au shangazi wa mwenzake, hata swali la nani anayeingia chumbani wakati wa kupimwa ni la kukubaliana na mama kwanza. Na kuhusu mtoto ni wa kiume au wa kike, jibu lisiwe kazi ya kifaa hiki. India ililazimika kutunga sheria mwaka 1994 kupiga marufuku kutaja jinsia ya mtoto tumboni, kwa sababu ya mimba za kike zilizokuwa zikitolewa. Sisemi pwani yetu iko hapo. Nasema dakika kumi za mkunga ni chache, na tarehe, kondo, mapacha na mlalo wa mtoto vinazimaliza.

Hao wanaoshika probu nao wana haki zao. Mkunga akipewa kazi ya picha juu ya chanjo, uzazi, dawa na madaftari, bila nyongeza ya mshahara wala cheti kinachotambuliwa anapohamishwa, ataiacha. Wataalamu wa picha nao wana hoja wanaposema kazi yao inapewa watu wa wiki mbili. Njia ya haki ni kuiwekea mipaka kwa maandishi: mkunga anajibu maswali yale manne, na lolote lingine analoliona au kulishuku linakwenda kwa mtaalamu. Tangu Septemba 2023 kuna wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, wenye simu za kazi. Kazi yao hapa isiwe kushika probu. Iwe kumjua kila mwanamke aliyekosa hedhi miezi miwili au mitatu na kumwambia boti la kliniki linakuja lini, maana bila mtu huyo picha ya kabla ya wiki ya 24 haitapigwa hata kifaa kingekuwa cha dhahabu.

Kama Kaunti ya Lamu ingeniuliza inunue nini, ningesema probu mbili za aina moja ili moja ikiharibika nyingine iendelee, programu ya kusoma mipito inayofanya kazi bila mtandao na inayotambua mapacha, kihisi cha nguvu chenye taa kwa ajili ya wanaojifunza, na kisanduku kisichopitisha maji. Katika mstari huo huo wa bajeti, si mwingine, iwepo petroli ya boti la rufaa na fedha za malazi kwa mama anayetakiwa kungojea uzazi karibu na King Fahd. Fedha za kimoja kati ya hivyo zikipunguzwa, zipunguzwe za vyote, ili isije ikabaki mashine bila boti.

Kisha ihesabu jambo moja kwa mwaka mzima: katika wajawazito wa Ndau na vijiji jirani waliohitaji hospitali, wangapi waliondoka mchana kabla ya uchungu, na wangapi walitolewa usiku. Hesabu hiyo ianze miezi sita kabla kifaa hakijafika, ili kuwe na cha kulinganisha, na iandikwe na nahodha pamoja na mkunga, kwa sababu nahodha ndiye anayekumbuka saa aliyong'oa nanga. Idadi ya safari za usiku isiposhuka baada ya mwaka, probu zihamishiwe Faza au Lamu zinakoweza kutumika, na fedha za ada na matengenezo ziende kwenye injini ya pili ya boti.